Koti la Baba na harufu ya mothballs iliyotudanganya

Wakuu wa Thika, Ruiru na kando kando, hamjambo? Na nyinyi vijana wa Kahawa Wendani mnaokariri kemia usiku wa kuamkia mtihani, nawaona.

Mimi ni nyanya wa watu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Sitaongeza chumvi, maana hadithi yenyewe imekolea tayari.

Juzi kuna kijana humu aliuliza molecular crystals, yaani fuwele za molekuli, zina maana gani kwa mtu wa kawaida. Swali hilo limenikumbusha koti la baba.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau, baba yangu alichukuliwa na lori asubuhi akienda kazini, kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru. Hatukuambiwa amepelekwa wapi.

Aliacha sanduku la bati. Ndani mlikuwa na koti la sufu alilofungia ndoa, kitu cha pekee kizuri alichokuwa nacho. Alikuwa amelikunja mwenyewe na kutia mothballs, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, alivyonunua Thika kwa Mhindi.

Baadaye tulihamishwa kwa nguvu, tukajengeshwa nyumba za kubanana kwenye mistari. Mama aliacha hata jiwe la kusagia, lakini sanduku alilibeba mgongoni.

Sasa sikieni desturi yetu. Sanduku la mwanamume ambaye hayupo halifunguliwi. Likifunguliwa, ni siku ya kugawa vitu vyake, yaani amekufa.

Kwa hivyo mama hakufungua. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Kila jioni aliinama, akaweka pua kwenye kifuniko, akanusa.

"Bado iko," alikuwa akituambia. "Dawa inafanya kazi. Baba yenu atapata koti yake."

Nasi tulifurahi. Harufu ile ilikuwa kama habari kutoka kwa baba.

Halafu shuleni mwalimu wa sayansi akaweka mothball kwenye mkebe, akaupasha moto kidogo, akafunika kwa sahani baridi. Chini ya sahani pakaota vipande vyembamba vya kumetameta. Akasema hata bila moto kidonge huisha, polepole, bila kuwa maji. Kinakuwa hewa, na hewa hiyo ndiyo tunayoinusa.

Hapo nikaikumbuka harufu ya sanduku letu.

Kwa nini iwe hivyo nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenyewe. Ndani ya molekuli moja ya nafthalini, ile dawa ya mothball, atomi zimeshikana sana. Lakini molekuli na jirani yake zimepangwa vizuri tu, hazijashikana kwa nguvu. Hiyo ndiyo molecular crystal, na ndiyo maana kidonge ni laini, na molekuli za juu zinajiondokea moja moja. Chumvi haifanyi hivyo, kwa sababu chembe zake zina chaji za umeme zinazovutana kweli kweli. Kijiji chetu kilikuwa hivyo hivyo: nyumba kwenye mstari mzuri, na hakuna aliyethubutu kumwamini wa mlango wa pili.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. "Maitũ, hiyo harufu ndiyo dawa ikitoka. Tufungue tuongeze ingine."

Alishika pindo la leso. "Nikifungua hii sanduku, nimezika baba yako. Wewe unataka nimzike?"



Ikafika jioni akanusa, akanusa tena upande wa pili, akainuka. Harufu ilikuwa imeisha. Hata hivyo hakufungua.

Baba alirudi kwa miguu, amekonda, meno mengine hayapo. Kitu cha kwanza kuulizia ni koti, maana Jumapili alitaka kuingia kanisani akionekana mtu. Mama alifungua pindo la leso akampa ufunguo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimwona akitabasamu.

Koti lilikuwa limekunjwa vile vile. Baba alipoliinua, kola ilibaki mkononi, mengine yakaanguka vipande vipande. Nondo walikuwa wamelimaliza. Mothball haikuwako hata moja, wala unga wake.

"Kwani mlijua sitarudi?" akauliza.

Mama hakujitetea. Mimi nikaanza kumweleza mambo ya nafthalini. "Niondolee maneno ya shule," akasema baba, akatoka nje.

Tangu hapo aliishi nasi kama mpangaji. Aliamini kabisa kwamba tulimsahau. Kumbe koti liliharibika kwa sababu mke wake alikataa kuamini amekufa! Hilo hadi leo linaniuma.

Hakukaa sana. Tulimzika kwa koti la kuazima, kisha wazee wakamwambia mama afungue sanduku, kama desturi inavyotaka. Halikuwa na kitu. Mama aliinama juu yake mbele ya watu wote, akanusa.

Funzo langu ni dogo, wakuu. Ukinusa kitu, jua kinaondoka. Na kama ulimngoja mtu, akirudi mwambie ulivyomngoja, hata kama amekasirika.

Lakini niambieni ukweli, maana mimi nimeshindwa kuamua mpaka nimezeeka: wewe ungekuwa mama, ungefungua?