Gitaa la Bei ya Kutupa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua likiwa la utosi pale Jego, nilipopiga wimbo ambao sikufunzwa na mtu, na kijiji kizima kikautambua. Lakini kabla sijakufikisha huko, iweke hiyo simu chini. Najua unachotafuta humo. Mama yako ameniambia siku hizi huli ukashiba wala huzungumzi ukamaliza, kazi yako ni kupekua magitaa ya umeme: hili bei yake nafuu na sauti nzuri, lile nafuu zaidi lakini shingo yake yasemekana hupinda. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sikusuti, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wewe unapekua kwa kidole, mimi nilipekua kwa miguu.

Na sasa nasikia umepata. Yuko kijana hapo Ukunda anakuuzia gitaa la solo kwa bei ya kutupa, na anakuhimiza ufanye upesi kwa kuwa wanunuzi ni wengi. Niliposikia hilo la upesi, chai ilinishinda kunywa. Nikamwambia mama yako akulete. Basi kaa kitako.

Enzi zangu nilikuwa kijana mwenye vidole vyepesi na mfuko mwepesi zaidi. Nilikuwa nikibeba mizigo sokoni, na jioni nikiazima gitaa la watu. Kulikuwa na bendi ikipiga katika hoteli moja ya Diani, na mkuu wake alinisikia siku moja nikilicharaza hilo la kuazima. Akaniambia wazi, "Nafasi ya solo ipo, kijana. Lakini njoo na gitaa lako mwenyewe. La kuazima silitaki, mwenyewe akilitaka siku ya kazi tutaaibika." Mwanangu, nafasi ile ilikuwa mlango wangu wa pekee wa kutoka chini ya magunia. Nikavuka hadi Mombasa, nikazunguka madukani, nikarudi nimeshiba macho tu.

Ndipo nilipokutana na mtu aitwaye Omari pale Kona ya Musa, hapo hapo Ukunda nilipokuwa nikiishi. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, ametoka kusini huko, na gitaa lake alilibeba ndani ya gunia. Watu husema usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi gitaa langu lilitoka kwenye gunia kweli kweli, na bado sikushtuka, ujinga wa ujana ulivyo! Tukaenda kwa fundi wa redio kulijaribu. Lilikuwa jekundu, rangi imefifia mahali mkono wa mpigaji unapoegemea, na lilipotiwa waya lilinguruma kidogo hata kabla sijaligusa. Nikapiga uzi mmoja. Fundi akaacha alichokuwa akikichomelea, akainua kichwa.

Omari akataja bei. Nilidhani amekosea kutaja. Nikamuuliza, "Mbona rahisi hivyo?"

Akasema, "Ndugu yangu hana haja nalo tena."

Swali la pili lilikuwa tayari ulimini mwangu, mwanangu. Nikaliuma. Na jambo jingine niliona nikajifanya sikuliona: muda wote ule Omari hakuligusa gitaa kwa mkono mtupu. Alilitoa akilishika kwa gunia, akanipa na gunia lake, akaenda zake bila kuangalia nyuma.

Bendi wakanipokea. Sauti ya gitaa lile, wallahi, yalikuwepo magitaa ya bei kubwa pale hotelini yasiyolifikia. Kwa thamani ya pesa yangu hakuna kijana wa pwani hii aliyewahi kununua vizuri kama mimi, na nililisema hilo kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Ila lilikuwa na mambo yake. Ubao wa shingo yake ulikuwa umelika, umefanya vishimo mahali vidole vya mwenyewe wa zamani vilikuwa vikikaa. Ukianza wimbo wowote, polepole unajikuta vidole vinateremka kwenye vishimo vile, na wimbo mwingine unatokea. Wimbo mdogo, mtamu, wa kurudiarudia.

Mimi nikasema nimetunga. Wageni wa hoteli waliupenda, mkuu wa bendi akaniuliza umetoka wapi, nikajigonga kichwa na kumwambia umetoka humu. Lakini nikiwa peke yangu ulinitisha kidogo. Kwanza, sikuweza kuumaliza. Ulifika mahali ukasimama, kama unangoja kitu, na nikijaribu kuusukuma mbele vidole vinagoma. Pili, kila nilipoupiga nilijikuta napunguza sauti bila kutaka, chini, chini zaidi, hata mpiga ngoma akanigombeza kwamba nawalaza watu. Vidole vilikuwa vikitangulia, mimi nikifuata nyuma. Nikajiambia ni uchovu.

Basi tukaalikwa kupiga harusi Jego. Tulifika asubuhi, tukapanga vyombo uani, na baada ya sala ya adhuhuri tukawasha jenereta tujaribu sauti. Unajua wazee wetu walivyokuwa wakitukataza kuzurura saa zile za jua kali. Walisema saa hizo si sisi peke yetu tunaotembea. Mimi sikuwaza hayo. Wanawake walikuwa wakipika pilau, watoto wanakimbizana, na mimi nikaanza wimbo wangu.

Mwiko wa kwanza ukanyamaza. Kisha kinu. Kisha watoto, mmoja mmoja. Nikadhani wamependa, nikatabasamu. Lakini hakuna aliyenitazama usoni. Wengine walitazama vidole vyangu, na wengine walitazama nyuma yangu. Mzee mmoja alisema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo. Nikageuka. Hapakuwa na kitu nyuma yangu ila ukuta mweupe na jua. Nilipogeuka tena bado walikuwa wanatazama pale pale. Mwili ukanisisimka, mwanangu, katikati ya joto lile nikahisi baridi.

Nilitaka kuacha. Sikudanganyi, nilitaka kuacha na vidole havikuacha.

Ndipo akatoka mtoto katika nyumba ya jirani. Mtoto wa kike, hata kutembea hajakumudu sawasawa. Akapita katikati ya watu wazima, nao wakampisha, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Hakunitazama mimi. Alikumbatia gitaa, akalaza sikio lake juu ya tumbo la gitaa, pale pale rangi ilipofifia, akafumba macho. Nami nikapiga chini, chini zaidi, mpaka shingo yake ikalegea na usingizi ukamchukua hali amesimama. Na hapo, kwa mara ya kwanza, wimbo ukapita mahali ulipokuwa ukigoma. Ukaenda mbele kidogo, ukashuka, ukaisha. Nikausikia mwisho wake kama watu wengine walivyousikia.

Mlangoni mwa ile nyumba alikuwa amesimama mwanamke, nguo nyeupe isiyo na pambo. Alisimama ndani ya kizingiti na hakuvuka, maana alikuwa katika eda, mumewe amefariki na siku zake hazijaisha. Akaniuliza kutoka pale pale, "Kaka, huo wimbo nani kakufunza?"

"Hapana aliyenifunza, dada. Ni wangu mwenyewe."

"Si wako," akasema, bila hasira. "Mume wangu Bakari alimtungia mwanawe. Alikuwa akimlalisha kwa wimbo huo kila mchana, saa hizi hizi. Kila jirani anaujua. Tangu afariki, mtoto huyu mchana halali."

Mama yake yule mjane, Bi Mwanakombo, ndiye aliyetoka. Nilijua atanipigia kelele, na ningeona afadhali. Badala yake alimchukua mjukuu wake kwa upole, akamlaza begani, akakaa mbele yangu kwenye mkeka. Akataka kujua gitaa nimelipata wapi. Nikamwambia habari ya Omari. Akatikisa kichwa. Omari alikuwa ndugu wa marehemu. Siku za matanga, watu wakiwa na vilio vyao, alilitoa gitaa ndani akisema analipeleka kutengenezwa. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, na mwenye fungu kubwa ndiye huyo aliyelala begani.

Bi Mwanakombo akaniuliza, "Alipokwambia nduguye hana haja nalo tena, ulimuuliza kwa nini?"

"Hapana, bibi."

"Hukuuliza kwa sababu jibu ulikuwa nalo." Akaendelea, "Sikiza, mwanangu. Kitu kikiwa rahisi kupita kiasi, bei yake haikupungua. Yuko mtu mwingine anayelipa iliyobaki." Akampapasa mtoto mgongoni. "Mtazame. Ndiye huyu."

Nimesemwa na watu wengi maishani, wengine kwa haki na wengine kwa kiherehere chao, lakini maneno yale yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Mkuu wa bendi alinivuta kando akaninong'oneza kwamba leo ni harusi ya watu, tupige, gitaa litarudishwa kesho. Maneno ya akili kabisa. Nami nilijua kesho ningepata maneno mengine ya akili, na kesho kutwa mengine. Nilichomoa waya, nikaenda hadi kizingitini, nikaliweka gitaa chini upande wa ndani. Yule mjane aliinama, akaligusa mahali palipofifia rangi, akalia. Nami nililia, sioni haya kukwambia. Bendi ikapiga harusi bila solo, na nafasi yangu ya Diani ikaishia pale. Nilirudi Ukunda na gunia tupu.

Nilipoaga, Bi Mwanakombo aliniombea dua fupi. "Mungu akupe lako," alisema, "lisilo na mtu nyuma yake." Nikakumbuka ule ukuta mweupe na macho ya watu yalivyoutazama, nikaitikia amina haraka haraka.

Sasa usije ukatoka hapa ukasema babu amenikataza vitu vya bei nafuu. Nafuu si dhambi, mwanangu. Miaka ilipita, nikarudi kwenye magunia, nikadunduliza, nikanunua gitaa jipya dukani, la rahisi kuliko yote yaliyokuwa yametundikwa, halina hata jina la kujivunia. Nililikagua ninavyotaka nawe ukague: nikaiangalia shingo yake kwa jicho moja kama fundi anavyoangalia ubao, nikabonyeza kila uzi juu ya kila kichuma kilichokatiza shingoni kusikia kama unakwaruza, nikakaza nyuzi nikazingoja nione kama zitalegea, nikatikisa waya kwenye tundu lake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, basi usilipie rangi. Halafu nikamuuliza mwenye duka kwa nini ni rahisi, akanijibu akinitazama machoni: mbao zake ni za kawaida na waliolitengeneza hawajulikani. Lilinilisha gitaa lile, na ndilo lililonirudisha hotelini. Lakini ule wimbo halikuutoa hata siku moja. Nimeutafuta humo miaka yote hii, vidole hivi vinapita vikipotea, na leo ukiniambia niuimbe siwezi.

Nikawa ndugu wa nyumba ile ya Jego. Eda ilipoisha nilikwenda kusalimu, nikaendelea kwenda. Mtoto akakua nikimwona, akaolewa hapa Msambweni, akazaa, na mwanawe wa kwanza akampa jina la babake. Ndiyo, Bakari wangu. Yule mtoto ni mama yako. Hakukwambia kwa sababu kila akianza analia, akaniomba mimi niseme. Gitaa limo sandukuni mwake, limefungwa kwa kanga, na halijapigwa na mtu tangu nilipoliweka kizingitini.

Basi nasaha yangu ni hii. Nenda kwa yule kijana wa Ukunda umuulize lile swali la pili, ambalo mimi niliuma ulimi nisiulize. Gitaa ni la nani, na mbona analiharakisha? Akikutazama machoni, mfikirie. Akitazama chini, muage kwa adabu uende zako, hata kama sauti ya gitaa lake itakufuata usingizini. Na kabla hujanunua lolote, rudi nyumbani umwombe mama yako akufungulie sanduku. Litahitaji nyuzi mpya na fundi wa kuzisafisha nyaya zake, hilo nitalisimamia mimi. Kisha lipige mchana, mama yako akiwa karibu. Utahisi vidole vyako vinavutwa, vinateremka kwenye vishimo. Usishtuke, wala usivirudishe. Mwambie shikamoo, ni babu yako.

Ukifika pale wimbo unaposimama, usiusukume. Ngoja. Mimi nitakuwa nimekaa barazani kwenu, maana mwisho wake niliusikia mara moja tu.

Mungu avibariki vidole vyako, Bakari, akukinge na cha mwenzako, akupe lako. Na kama nyuma yako patakuwa na mtu, basi awe ni huyo aliyekupenda kabla hujazaliwa. Amina.