Mikato ya Nerina

Kwa siku nne Nerina Dabalà hakuwa amezungumza na mtu ila muuza mkate, na huyo naye walisalimiana tu. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Ottavio Ferraris wa Torino, mkusanyaji wa vioo vya zamani. Alikuwa amenunua chombo cha maua kilichotengenezwa katika kisiwa cha Murano mwaka 1958, na wataalamu wawili walikuwa wakibishana: mmoja alisema ni chenyewe, mwingine alisema ni cha kuiga. Padri wa parokia ndiye aliyempa namba ya Nerina. Katika wafanyakazi wote wa tanuri la vioo lililokitengeneza, aliyebaki hai ni Nerina peke yake.

"Njoo Alhamisi," Nerina alimwambia. "Utakula hapa."

Nerina alianza kazi tanurini akiwa na miaka kumi na sita. Wanaume walipuliza kioo mbele ya moto, watu wakaja kuwatazama. Wanawake waliwekwa chumba cha nyuma, kwenye magurudumu ya mawe yanayodondokewa na maji baridi, wakikichonga kioo kilichokwisha kupoa. Alichonga miaka thelathini na moja. Tanuri likafungwa, mumewe Attilio akafariki, binti yao Fiorenza akaolewa mbali, Bolzano. Majirani wa juu na wa chini waliuza nyumba zao kwa watu wanaokuja kiangazi tu. Novemba kama hii, katika jengo zima taa iliyowaka ilikuwa yake.

Alhamisi alipika ngisi kwa wino wake na ugali mweupe, akatandika meza ya watu wawili. Ferraris alifika saa tano, mtu wa makamo, koti limelowa ukungu, amekumbatia sanduku kama mtoto mchanga. Alifunua blanketi. Chombo kilikuwa cha rangi ya moshi, kimejaa mikato midogo midogo kama gome la mti.

Nerina akavua miwani.

"Bibi, utaona vizuri bila miwani?"

"Siangalii, mwanangu. Napapasa."

Alifumba macho, vidole vikapanda kutoka kitako hadi shingoni. Mikato yote ilikuwa imelalia kulia. Wenzake chumba kizima walitumia mkono wa kulia, ya kwao ikalalia kushoto. Fundi mkuu wa tanuri alimfokea mwaka mzima kwa mkono wake huo wa kushoto, kisha akanyamaza, kwa kuwa vyombo vyake havikukaa dukani.

"Hiki nimekichonga mimi," alisema. "Ni chenyewe. Tena nilipofika hapa shingoni nilikuwa na mafua, ona mkono ulivyotetemeka."

Ferraris alicheka kwa furaha, akambusu mikono. Papo hapo akatoa karatasi aliyokwisha kuiandaa, iliyosema kwamba chombo hiki ni kazi ya mikono ya fundi mkuu, naye Nerina anashuhudia.

Nerina alisoma mara mbili. "Alipuliza yeye. Mikato ni yangu. Mbona sipo?"

"Upo, Bibi, hapo chini. Shahidi."

"Shahidi ni mtu aliyesimama pembeni. Mimi sikusimama pembeni."

"Ndivyo zinavyoandikwa siku zote. Jina la fundi mkuu linatosha."

"Basi mwambie fundi mkuu akutilie sahihi. Yuko makaburini, boti inapita hapo."

Ferraris alikunja karatasi, akafunga sanduku, akaaga kwa adabu. Nerina alibaki ameshika kiti. Tayari alikuwa anajuta. Mtu amesafiri kutoka Torino, nawe unamfukuza kwa ajili ya jina, mwanamke mjinga wewe! Akazima jiko.

Robo saa baadaye kengele ililia. Ferraris alikuwa mlangoni, anahema kwa kupanda ngazi.

"Bila wewe sina kitu," alisema. "Na umesema kweli. Dabalà, na alama juu ya a ya mwisho?"

"Na alama."

Aliandika upya kwa kalamu, nakala mbili: kimepulizwa na fundi mkuu, kimechongwa na Nerina Dabalà. Nerina akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, taratibu.

"Sasa kaa ule. Ngisi bado wa moto."

"Aa, Bibi, samahani sana. Treni yangu ni ya saa nane."

"Hata vijiko viwili?"

"Siku nyingine, nakuahidi."

Alimfungulia mlango, akasimama dirishani. Ukungu ulimmeza kabla hajafika darajani. Akampigia Fiorenza. Simu ililia, ikalia, ndipo akakumbuka kuwa ni saa za kazi. Akakaa mezani na nakala yake, akalisoma jina lake kwa sauti, akashtuka jinsi sauti ilivyojaa chumbani. Halafu akajipakulia, akala polepole, na sahani ya pili akairudisha kabatini bado safi.