Ndoa ya Babu Kwenye Kitabu cha Padri

Natangaza rasmi kwa ukoo mzima na majirani wa Matrah: chai yangu ya leo imepoa bila kunywewa.

Padri wa Ireland amejibu!

Nilimwomba anitafutie kwenye vitabu vya parokia ndoa ya marehemu babu, askari wa kwao, aliyesilimu akamuoa bibi hapa Maskati mwaka 1967.

(Ndiyo, nikaha ya kadhi nimekwenda kuitafuta kanisani. Chekeni.)

Ndoa ameiona. Ya mwaka 1962. Mke ni Bi Brigid, wa kijijini kwao. Talaka haipo.

Nikazunguka sebule mara kumi. Bibi ana presha. Nimwambie, au niufute ujumbe wa padri? Nyie mngefanyaje?

Bibi akaniona: "Una nini weye, mbona hutulii kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikamwambia.

"Mke mwenzangu huyo, nnamjua. Kila Idi nampelekea halua."