Peponi, Peponi

Juzi, katika duka moja la City Centre, redio ilipiga wimbo ule wa Kichewa, nikasahau nilichokuwa nimefuata.

Kule Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, jirani yetu Mmalawi aliufungulia sauti kila alipofua. Mama, akitwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua, aliuitikia kwa nguvu, mchi ukifuata mdundo: "Peponi, peponi!" Hivyo ndivyo tulivyousikia. Mama hakujua Kichewa. Mkalimani wake nilikuwa mimi, msichana wa miaka saba.

Alasiri moja tulikuwa hospitali, mikono ya mama ingali inanukia sombe. Nesi alitoka katika chumba alicholazwa papa, akasema polepole, "Pepani, amai."

"Iko nasema nini?" mama aliniuliza.

Nilifurahi, maana neno hilo nililijua. "Mama, njo wimbo yetu! Anasema peponi." Nikaanza kuuimba.

Siku hizi najua kwamba pepani ni pole tu. Nilitafsiri vibaya, lakini mama alielewa. Alinifunika mdomo kwa kiganja chenye harufu ya sombe, nami nikaendelea kuimba humo humo ndani.