Chupa Iliyoshuka Kutoka Bugeshi

Kaltumu hakununua kitu bila kukinusa. Hata chumvi aliinusa. Wauzaji wa soko la Gisenyi walikwisha kumzoea. Wakimwona anakuja na kitenge chake cha buluu, pua mbele, walifungua mifuniko wenyewe kabla hajaomba. Mama mmoja muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, alimwambia pua kama ile ingefaa kuajiriwa mpakani. Kaltumu alikubali, tena bila kucheka.

Usimlaumu haraka. Alikulia mpakani, nusu ya ukoo wake uko Goma, ng'ambo ya Kongo, na tangu usichana alivuka na kurudi na mizigo kichwani. Aliwahi kuuziwa unga uliochanganywa na chokaa. Aliwahi kuuziwa sabuni isiyotoa povu, na kitenge cha bei ghali kilichoacha rangi yake yote ndani ya beseni. Mashaka kwake hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa mtaji, na ndiyo mtaji pekee ambao hakuna aliyewahi kumwibia.

Siku hizi anauza mafuta ya nazi chini ya mwavuli, kando ya barabara iendayo mpakani. Huyanunua kwa bidoni, madumu makubwa, kutoka kwa wenye malori, akishayanusa mpaka dereva achoke, kisha huyagawa kwenye chupa ndogo. Wateja wake ni wa kila aina. Bibi harusi hutaka ya nywele, mzazi ya kumkanda mtoto mchanga, na dereva wa pikipiki hutaka ya midomo iliyopasuliwa na upepo. Mpishi wa hoteli moja husugulia vibao vyake vya kukatia nyama, na mwalimu jirani hupaka viatu, halafu kwa kitambaa kilekile hupaka visigino. Kaltumu ana maelekezo kwa kila mmoja. Lakini ukimuuliza kama yanatibu malaria, atakufukuza uende kituo cha afya, na matusi madogo ya kukusindikiza.

Adui yake ni baridi. Mafuta ya nazi hapa si kama kule pwani yanakotoka. Asubuhi yanaganda, yanakuwa meupe. Basi hapo huja Mwislamu mwenzake kutoka Goma, anashika chupa kwa ncha za vidole, anauliza, "Mama, hii haiko mafuta ya nguruwe?" Kaltumu alilichukia swali hilo kuliko mvua. Huchokoa kipande kidogo kwa ukucha, akakiweka kwenye kiganja cha mteja. Kinayeyuka palepale, kinakuwa maji. "Nguruwe inayeyukaka hivi?" anauliza. "Nguruwe inabakia nzito mu mukono. Angalia vizuri, usinichafulie jina." Na kesho yake anazipanga chupa juani mapema, zilainike kabla ya watu kufika.

Kuna siri moja hakumwambia hata mwanawe. Zamani kuna mtu aliokota chupa zake tupu, akazijaza mafuta ya kukaangia, akauza kwa jina lake. Tangu siku hiyo kila chupa ya Kaltumu ina karafuu moja chini. Mteja akiuliza, anajibiwa ni ya harufu. Si ya harufu. Ni ya kumwezesha Kaltumu kuijua mali yake hata ikiletwa mbele yake gizani.

Nyumbani alikuwa na sheria moja tu. Marehemu mumewe, Bizumuremyi, alikuwa Mkatoliki. Walipooana walikubaliana watoto waende kanisani na baba yao, jiko libaki la mama, na nguruwe asivuke kizingiti, awe mzima, awe kipande, awe mafuta. Bizumuremyi aliliheshimu neno hilo mpaka kufa. Kwa hiyo mwana wao Jado alipomleta Epiphanie, msichana wa Bugeshi kule juu penye baridi, swali la kwanza la Kaltumu lilikuwa kwao wanafuga nini. "Kondoo," alijibu Epiphanie. "Ng'ombe mmoja. Na nguruwe." Kaltumu aliomba maji ya kunywa.

Hata hivyo alifanya yote yanayotakiwa. Alipanda Bugeshi na zawadi, na ndani ya kapu aliweka chupa ya mafuta yake mwenyewe kwa ajili ya Kampire, mama wa binti, ambaye tangu hapo alikuwa bamwana wake, maana ndivyo wazazi wa bwana na wa bibi wanavyoitana. Kampire aliipokea kwa mikono miwili, akaiingiza ndani. Basi. Hakuwahi kusema ni nzuri. Hakuwahi kuomba nyingine, ingawa visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Kaltumu aliyaona hayo na kuyatunza moyoni.

Alitunza na mengine. Kampire alipotembelea Gisenyi, alikaa kwenye ncha ya kiti, na chai haikugusa midomo yake mpaka Kaltumu ameonja kwanza. Ndiyo desturi ya zamani, anayetoa anaonja, mgeni ajue hakuna sumu. Lakini siku hizi ni nani bado anaifuata namna hiyo, na kikombe chenyewe ni cha bamwana? Kaltumu alionja, akatabasamu kwa meno peke yake.

Kisha Gisubizo akazaliwa, mjukuu wa kwanza, na Kaltumu akapoteza akili kabisa kwa furaha. Alimwogesha yeye, alimkanda yeye, alimnusa utosi asubuhi na jioni. Hicho ndicho kitu pekee alichokinusa bila kutafuta kasoro.

Kampire alishuka asubuhi moja kumwona mzazi, kapu kichwani. Jado alikuwa kazini Mahoko. Kampire akatoa viazi, akatoa maharage, akatoa maziwa, na akayaonja maziwa mbele yao. Halafu, kutoka chini kabisa, akatoa chupa iliyofungwa kitambaa. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, inanuka moshi wa jikoni. Juu, pale shingoni palipofutwa, kilionekana kitu cheupe, kigumu kama mshumaa.

"Hii njo ya kupakaa mutoto," akasema, akamkazia Kaltumu macho.

"Ni mafuta ya nini?"

"Ya mutoto."

"Nauliza ya nini, bamwana."

"Si we unajua mafuta kunishinda?"

Macho yale hayakumtoka. Kaltumu aliyaona, na yakamtosha. Mtu mwenye zawadi safi hutazama mtoto, hatazami uso wa mwenye nyumba. Nguruwe! Amekuja na nguruwe ndani ya nyumba yangu, na anataka kuona kama nitajua.

Sasa hapa ndipo ungetamani kumshika mabega umtikise. Mwanamke huyu, anayegombana na swali hilo kila siku ya Mungu, alikuwa na jibu kwenye ukucha wake mwenyewe. Kuchokoa kidogo, kuweka kiganjani, kwisha. Lakini kama ni nguruwe, ukucha umenajisika, na sala ya adhuhuri inakuja. Akarudisha mkono nyuma. Na neno lenyewe hakuweza kulitamka mbele ya bamwana, adabu ilimzuia.

"Hii haitamugusa mutoto," akasema tu. "Hapana. Itoke."

Uso wa Kampire ukafungika. "Donc, kumbe haiwezi kumugusa."

"Haiwezi."

"Nilijua," akasema Kampire.

Anakiri! Kaltumu aliwaza. Anakiri waziwazi, kwenye kiti changu!

Epiphanie alichukua chupa, akaenda kuiweka juu ya ukuta wa ua. Mama yake akamfuata, wakaingia chumbani, wakanong'ona. Walipotoka, Epiphanie alikuwa amembeba mtoto mgongoni, begi mkononi, machozi yanamtiririka.

"Maman, naenda Bugeshi na mama. Jado atanipata kule."

"Ju ya chupa?"

"Ju ya chupa."

Kaltumu hakuwazuia. Kiburi hakikumruhusu. Lakini walipopita mlangoni aliona kiguu cha Gisubizo kimechomoza nje ya nguo, kidogo, chenye soksi aliyoifuma yeye, na ndani yake kitu kikakatika. Jioni Jado angerudi na kumwuliza mkewe yuko wapi, mwanawe yuko wapi. Angemjibu nini?

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Mwishowe aliamua angalau kuitupa ile laana. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akaenda ukutani. Jua lilikuwa limekwisha kupiga pale na chupa imepata joto. Akaibeba mbali na mwili mpaka chooni, akafungua, akainamisha, akingojea donge la mafuta lianguke.

Halikuanguka donge. Yalitoka mafuta membamba, maangavu kama maji, na juu ya moshi wote ule ikapanda harufu ya nazi. Kaltumu akashangaa, mafuta yanamwagika. Halafu yakakatika. Kitu kimeziba shingo. Akachungulia. Karafuu.

Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba Kampire ameiba chupa yake sokoni. La pili lilikuwa Bugeshi, kapu, na mikono miwili iliyopokea. Akaifunga chupa, akatoka nayo mbio.

Akapanda pikipiki bila hata kumnusa dereva. Pale gare, kituo cha mabasi, basi la kupanda Bugeshi lilikuwa bado linangoja abiria. Kampire alikuwa kwenye benchi, mtoto mapajani, Epiphanie pembeni. Kampire alipomwona, aliivuta shali akamfunika mtoto.

"Bamwana, hii ni mafuta yangu," Kaltumu akasema, anahema.

"Ni yako. Nani alisema ni ya mwengine?"

"Sasa ju ya nini hukuipakaa?"

"Kuko kitu nyeusi ndani. Niliiona siku ileile. Na we hukuonja. Mutu akileta kitu anaonja kwanza. We uliniwekea mu mikono, basi."

"Na ukaniletea sumu ya mujukuu?"

"Ya kumupakaa? Oya, hapana! Nilileta nikuangalie. Nilisema, kama ni muzuri, atafurahi. Kama ni sumu, hatakubali imuguse mujukuu wake." Kampire akaikaza shali. "Na ulikataa. Na macho yangu nikakuona unakataa."

Epiphanie alimtazama huyu, akamtazama yule, mdomo wazi.

"Mi nilizania ni nguruwe," Kaltumu akasema, polepole.

"Nguruwe?" Kampire alirudia, na kwa mara ya kwanza hasira yake ikageuka huzuni. "Mi najua sheria ya nyumba yako. Nikitaka kukuja kwako naogaka tena, navaa nguo haijaingia mu zizi. Hata kapu ni ya jirani, hafugi kitu. We hukuuliza."

Kaltumu aliona aibu, aibu kamili, mbele ya abiria na wauza karanga. Akavua ule mfuko wa plastiki. Akaichomoa karafuu kwa ukucha, akaitia mdomoni, akaitafuna. Akamimina mafuta kiganjani, akalamba. Yaliyobaki kiganjani akajipaka usoni na shingoni, moshi na masizi, mpaka kondakta akauliza kama mama huyu ni mzima. Kampire alimtazama bila kupepesa, kama mtu anayengoja sumu ifanye kazi. Alingoja kweli. Basi likajaa, likaondoka, nao wako palepale.

Kisha Kampire akanyoosha mkono, akaichukua chupa, akainusa.

"Mbona iko kidogo? Ingine iko wapi?"

"Nimeimwaga," Kaltumu akasema. "Mu choo."

Kampire akafumba macho, akafumbua. Akaitoa shali, akamvua mtoto zile soksi.

"Basi itatosha miguu. Kesho utaleta ingine," akasema. "Na utaonja mbele yangu."

"Nitaonja," akasema Kaltumu, akachutama, akapokea mguu mmoja.