Sufuria kati ya simu

Waasi walipokaribia Goma, umeme ulikatika mji mzima. Tukajazana kwenye kibanda cha kuchaji simu, chenye jenereta, kila mutu akitaka habari za vita. Mama mmoja akaingia amekumbatia sufuria ya presha ya umeme, ndani mchele wa jasmini.

"Mama, hapa tunachaji simu tu," mwenye kibanda akamwambia.

"Papa, hata mimi ninachaji. Ninachaji watoto."

Tukacheka, akaichomeka. Wali ulipokaribia kuiva, jenereta ikalemewa, ikakohoa, ikazimika pamoja na simu zetu ambazo hazijapata chaji.

"Mama, umetuzimia vita!" muzee mmoja akafoka.

Mama akangoja mvuke uishe, akafunua. Harufu ikatusogeza karibu. Akamwekea muzee wali kiganjani, akatugawia na sisi kidogo, uliobaki akawapelekea wanawe.

Mji ulikuwa mikononi mwa nani? Tulipokuwa tukitafuna, hakuna aliyeuliza.