Mume wa Siagi

Mke alikuwa dobi. Kutwa alipiga pasi mashati ya watu katika chumba kilichojaa mvuke, na mdomo wake haukupoa kama ile pasi. Wenzake walicheka mpaka wakaunguza kola, ndipo msimamizi akamwambia, "Dada, maneno haya kayaseme jukwaani. Hapa unatutia hasara."

Akaenda kweli. Ghorofani, juu ya duka la rangi, kila Jumamosi alasiri palikuwa na kipaza sauti kimoja na viti hamsini vya plastiki. Mwenye kichekesho alipewa dakika kumi. Yeye alisimulia habari za mumewe.

"Mume wangu ni fundi wa mafriji. Friji ya jirani ikikohoa tu, anajua inaumwa wapi. Ya kwetu anaifungua, anasimama mbele yake kama anayesubiri kuhudumiwa, halafu anauliza: mke wangu, siagi iko wapi? Siagi inamtazama. Mimi niko bafuni, nina povu machoni, ndimi nimwelekeze."

Watu walivunjika mbavu. Haukupita mwezi, kichekesho kikazagaa mtaa mzima. Fundi akiingia kwa mteja na mkoba wake wa spana, anapokewa kwa, "Shemeji, siagi ilipatikana?"

Siku tatu nyumbani hakusema zaidi ya "nipe chumvi."

"Nimekukosea?" mkewe aliuliza.

"Hapana."

Hapana yenyewe ilikuwa fupi mno. Mke akakosa raha, akaamua kichekesho kile asikirudie.

Jumamosi iliyofuata akapanda jukwaani na habari za binti yao, anayeoga saa nzima na kutoka na visigino vikavu. Watu wakacheka kwa adabu. Kisha mmoja akasema, "Siagi." Ukumbi mzima ukaitikia.

"Ya siagi imekwisha," alisema. "Mwenyewe hapendi."

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Akasimama mwanamume mwenye madoa ya grisi kifuani.

"Mwenyewe ni mimi," alisema taratibu. "Naomba na mimi nisikilizwe. Friji ile anaipanga yeye. Kopo la siagi lina vitunguu saumu. Kopo la aiskrimu lina maharage. Siagi yenyewe imo kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Mimi ni fundi jamani, si mganga."

Ukumbi ulipasuka. Mkewe aliinama akashika magoti, machozi yakimtoka, dakika zake zikaishia hapo.

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza, "Sasa zile siku tatu ulininunia ya nini?"

"Kununa? Nilikuwa natafuta jibu. Wewe lako huja palepale. Langu huchelewa."

Siku hizi na yeye ana dakika tano zake, katika zile kumi za mkewe. Wanafanya mazoezi sebuleni, binti yao kakunja miguu kwenye kochi akiwasahihisha.

"Baba, usicheke kabla hujamaliza."

Anajitahidi. Anafika katikati, mabega yanaanza kutikisika, na mwisho wa kichekesho inabidi mkewe ammalizie.